Nani Humngoja Nani? Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Tasnifu za Sosiolojia

Kwa wakuu wa idara za sosiolojia na wasimamizi wa tasnifu za uzamili katika vyuo vikuu vya Tanzania

Walimu wangu,

Ninaandika nikiwa nimeshahitimu, kwa hiyo sina ninachowadai kwa ajili yangu. Tasnifu yangu ilipita, ikajalidiwa, na nakala ya maktaba iko rafuni pamoja na za wenzangu. Nimebaki kazini kwangu halmashauri, Idara ya Maendeleo ya Jamii, ambako shahada ya kwanza ya sosiolojia ndiyo iliyonipatia ajira na ya pili niliitafuta jioni, baada ya saa za kazi. Chuo nilichosoma sikitaji, wala msimamizi wangu. Nitakayoyasema nimeyasikia pia kwa wenzangu wa vyuo vingine, vya umma na vya binafsi, kwa maneno yanayofanana mno hata siwezi kuyabandika kwa mtu mmoja.

Prospektasi huipangia shahada ya uzamili takriban miaka miwili. Ninaowafahamu wengi walizidisha, na katika muda ule wa ziada hawakuwa darasani, hawakuwa uwandani, wala hawakuwa wakiandika. Walikuwa wakingoja: sura irudi, saini ipatikane, kamati ikae, mtahini wa nje ajibu.

Taaluma yetu inajua mengi kuhusu kungoja. Mwaka 1975 Barry Schwartz alichapisha kitabu kizima juu ya foleni na ucheleweshaji, na hoja yake inaeleweka hata kwa asiyesoma sosiolojia: kungoja hugawanywa kwa kufuata mamlaka. Mwenye uwezo wa kukungojesha bila kukueleza sababu ana nguvu juu yako, na kila anapokungojesha nguvu hiyo inaongezeka. Javier Auyero naye, katika kitabu chake cha mwaka 2012, aliwafuata maskini wa Argentina kwenye ofisi za huduma za jamii. Wanaambiwa waketi, warudi kesho, karatasi bado. Kwa kuketi na kurudi huko wanafundishwa kuwa wapole mbele ya dola. Baadhi yetu tuliyasoma haya tukiwa kwenye benchi nje ya mlango wa msimamizi.

Tazameni kwanza namna tunavyoingia. Dirisha la maombi lina siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa, na mfumo wa mtandaoni haumjui mtu. Kizingiti cha GPA ni 2.7, mwenye 2.6 hata akilia hapiti. Vyeti, transkripti, barua za walimu wawili wa kukuthibitisha, malipo ya ada ya maombi: kimoja kikikosekana, ombi halisogei. Masomo ya darasani nayo ni vivyo hivyo. Ratiba ya nadharia za sosiolojia imebandikwa, ya mbinu za utafiti imebandikwa, mtihani una tarehe na saa, na asiyefikisha alama anarudia mtihani (sup) au anaondolewa chuoni (anadisko). Sina ugomvi na ukali huo. Unaonyesha kwamba chuo kikuu kinaweza kutunza kalenda kikamilifu, pale anayepaswa kuifuata ni mwanafunzi.

Kisha vipindi vinakwisha, na kalenda inakwisha navyo.

Pendekezo la utafiti linakwenda kwa msimamizi, na hakuna karatasi popote inayosema litarudi lini. Mwanafunzi anatuma barua pepe, halafu anakaa akijiuliza ni baada ya wiki ngapi kukumbushia hakutaonekana utovu wa adabu. Hatimaye anaandika ujumbe wa WhatsApp unaoanza na shikamoo, ukapitia afya ya familia na pole za safari, ukamalizikia pale alipotaka kuanzia. Tiki zinageuka buluu. Kimya. Anawauliza wenzake: mwalimu yupo? Ameonekana leo? Wenzake hao, kila mmoja na sura yake iliyokwama, wana elimu ya kina kuhusu gari la mwalimu, siku anazofundisha, kikao kipi humkasirisha na saa zipi anaweza kucheka. Elimu hiyo haimo kwenye mtaala na haitunukiwi chochote, lakini bila hiyo wengi wasingehitimu. Mtafiti makini angepata humo tasnifu nzima.

Likipita pendekezo, kuna kulitetea mbele ya idara, na idara hukaa ikipata akidi. Baada ya uwandani kuna uchambuzi, sura, na sura tena. Kuna kipimo cha Turnitin cha kubaini wizi wa maandishi. Kuna taarifa ya kusudio la kuwasilisha, kuna kutafuta watahini, kuna marekebisho yao, kuna cheti cha kuthibitisha kwamba marekebisho yamefanyika, ambacho nacho kinahitaji saini ya mtu aliyesafiri. Kila kituo kina sababu yake na sipendekezi kifutwe hata kimoja. Nasema tu kwamba katika vituo vyote hivi, mwenye tarehe ya mwisho ni mmoja.

Na sura ikirudi inarudi na nini? Mwaka 1940 Robert Merton alieleza jinsi kanuni iliyowekwa ili kufikia lengo inavyogeuka kuwa lengo lenyewe, hadi mtumishi akasahau kazi na kuilinda kanuni. Nimeona sura ya nadharia iliyokaa kwa msimamizi karibu muhula mzima ikirudishwa na masahihisho ya nukta na mabano katika marejeo, upana wa pambizo la kushoto, na neno moja juu ya ukurasa wa kwanza: boresha. Iboreshwe nini? Hoja ni dhaifu? Ushahidi hautoshi? Max Weber amesomwa vibaya? Mwanafunzi anapanua pambizo, anairudisha, anaanza kungoja upya. Mwezi wa kungoja ungevumilika kama mwishoni mwake kungekuwa na msomaji.

Mzigo wenu nauona. Mwalimu anayesimamia uzamili ndiye huyohuyo anayefundisha ukumbi uliofurika wa mwaka wa kwanza, anayesahihisha marundo ya mitihani, anayekaa vikao vya mitaala na anayedaiwa makala kwenye majarida ili apande cheo. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu Chuo Kikuu cha Makerere, alieleza kinachotokea chuo kikuu cha umma kinapoanza kuendeshwa na soko: wanafunzi wa kulipia wanaongezeka, kozi zinabuniwa ili ziuzike, na utafiti unasukumwa pembeni. Baadaye akaukemea waziwazi utamaduni wa kazi za ushauri elekezi, zinazomgeuza msomi kuwa mjibu maswali ya mfadhili. Walimu wetu wengi wanaishi humo. Mshahara una mwisho, ada za shule za watoto hazina, na ripoti ya ushauri ina mkataba wenye siku ya kuwasilisha. Hapo napo patazameni vizuri: penye siku iliyoandikwa, kazi inasomwa na kuandikwa hata usiku wa manane. Mfadhili hangoji. Saa zake za kungoja anabebeshwa mtu mwingine, naye yuko kwenye benchi.

Gharama ya kungoja huko mnaijua? Mikopo ya elimu ya juu nchini imejengwa zaidi kwa ajili ya shahada ya kwanza. Uzamili wengi tunajilipia, kwa mshahara au kwa kuuza kitu. Muda wa usajili ukipita mwanafunzi analipia kuongezewa muda, hata kama muda huo ulikwisha sura zake zikiwa kwenye droo ya mtu mwingine. Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo anaulizwa na mwajiri wake kwa nini hajarudi na cheti, na jibu la kweli, kwamba bado anangoja, linasikika kama uvivu. Nawajua walioacha kabisa. Kwenye rejesta wameandikwa kwamba walishindwa kukamilisha. Walikuwa wamebakiza marekebisho.

Kwa wanawake kuna zaidi, na nitalisema kwa kifupi kwa sababu halihitaji mapambo. Mtu mmoja akiwa na funguo zote za muda wako, nyuma ya mlango uliofungwa, bila kumbukumbu iliyoandikwa ya lini alipokea kazi na lini alipaswa kuirudisha, hapo kucheleweshwa kunaweza kuwekewa bei. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo huanza kazi baada ya mtu kuumizwa na kuwa na ujasiri wa kwenda kuripoti. Rejesta ya tarehe, ambayo mkuu wa idara anaweza kuifungua siku yoyote, ingefanya kazi kabla ya hapo.

Sasa niwapeleke uwandani, kwa sababu huko ndiko nilikoona foleni hii inaishia wapi.

Utafiti wangu ulihusu vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, yaani vikoba, na mikopo ile ya riba kali ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Barua ya utambulisho ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka wilayani, ikateremka kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa mtaa, na kila meza ikagonga muhuri wake. Nilipofika kwa wanawake wenyewe, muhuri haukuulizwa na sikungojeshwa. Walinipa muda wao kati ya kufunga genge na kuinjika sufuria ya jioni, muda ambao hawana. Walinieleza mambo ambayo hata waume zao hawayajui: nani alikopa ili kulipa mkopo mwingine, nani alinyang'anywa televisheni, nani alihama mtaa usiku. Mmoja wao, mweka hazina wa kikundi, akauliza swali la mweka hazina: majibu yatarudi lini?

Kupitia chuo, hayajarudi. Kwa mwongozo wa chuo, matokeo ya mahojiano yao ni mali ya tasnifu, na tasnifu ni ya mtahini, kisha ya rafu. Nilingoja msimamizi, msimamizi akangoja kamati, kamati ikangoja mtahini, na wao walikuwa mkiani mwa foleni wakitungoja sote. Nimewapelekea muhtasari mimi mwenyewe, kwenye mkutano wa kikundi, kwa kuwa kazi yangu inanifikisha kule. Mwanafunzi aliyetoka mkoa mwingine angefanyaje?

Ajabu ni kwamba nchi hii iliwahi kuongoza katika jambo hilihili. Miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia kutoka Finland, pamoja na wenzake Watanzania na Wafini waliendesha mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, wakitafiti pamoja na wanavijiji badala ya kuwahoji na kuondoka. Budd Hall, aliyefanya kazi Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hapa Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa walioieneza duniani dhana ya utafiti shirikishi. Leo mwanafunzi wetu anaipata dhana hiyo kwenye kitabu cha Kiingereza kutoka ng'ambo, anainukuu katika sura ya tatu, kisha anawaaga watafitiwa wake moja kwa moja.

Na kwa kuwa nimekitaja Kiingereza. Mahojiano yangu yote yalikuwa kwa Kiswahili. Nilipokutana na msimamizi, tulizungumza Kiswahili. Utetezi ulifunguliwa kwa Kiingereza, na wajumbe walipokolea kwenye hoja wakahamia Kiswahili wenyewe bila kuagizwa, na hapo ndipo maswali mazuri yalipoanza. Kiingereza kilibaki kwenye karatasi. Sianzishi kampeni ya lugha hapa, nahesabu muda tu: ni saa ngapi za msimamizi zinazoliwa na kunyoosha sentensi za Kiingereza cha mwanafunzi, saa ambazo zingesoma hoja yake? Ni miezi mingapi ya mwanafunzi inayokwenda kutafsiri nukuu za mahojiano ambazo mtahini, Mtanzania mwenzake, angezielewa vizuri zaidi zikiachwa zilivyo? Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu za uzamili huandikwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, na hakuna anayesema ni shahada pungufu. Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitambua Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tunaiadhimisha kwa ngoma na mabango. Idara ya sosiolojia ikiona ni mapema kuruhusu tasnifu nzima, iruhusu basi muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, uwe sehemu ya kinachotahiniwa. Mweka hazina wangu angekuwa na kitu cha kusoma kutoka chuoni.

Sasa nije kwenye ombi lenyewe. Naomba mfanye utafiti.

C. Wright Mills, mwaka 1959, alitofautisha shida ya mtu binafsi na suala la umma. Mtu mmoja mjini akikosa kazi, unaweza kumtazama mtu huyo, tabia yake na ujuzi wake. Wakikosa wengi, lazima utazame muundo. Vijana wa mwaka wa kwanza hufundishwa hilo wiki za mwanzo kabisa. Mwanafunzi wa uzamili akikwama, hata hivyo, tunamtazama yeye: hajitumi, ana majukumu mengi, hakuwa na msingi. Pengine ni kweli kwa huyu na yule. Wapo wanafunzi wanaopotea miezi wenyewe na kurudi na sura iliyonakiliwa, na msimamizi anayewavumilia anastahili pole. Lakini nani amehesabu? Weber alibainisha kwamba urasimu hujilinda kwa kufanya ujuzi wake kuwa siri ya ofisi. Ni wangapi walisajiliwa miaka mitano iliyopita, wangapi wamewasilisha, na sura ya wastani hukaa siku ngapi kwenye kila meza: hayo nayaona ni maarifa ya kawaida kabisa ya kisosiolojia, na sijawahi kuyaona kwenye ubao wa matangazo wa idara. Tumechunguza bodaboda, mamantilie, wavuvi, wachimbaji wadogo na makahaba. Pierre Bourdieu alithubutu mwaka 1984 kuwachunguza maprofesa wa Ufaransa, wenzake wa korido moja, na kitabu hicho tunakitaja kwa heshima. Wahenga wana methali ya nyani ambayo adabu hainiruhusu kuimalizia mbele ya walimu wangu.

Zoezi lenyewe ni dogo. Wanafunzi wa uzamili husoma mbinu za utafiti na kupewa mazoezi ya kubuni, dodoso la kufikirika kwa kijiji cha kufikirika. Wapeni rejesta ya idara, majina yakiwa yamefutwa. Wafuatilie kila faili: iliingia lini, ilikaa kwa nani, ilitoka lini, kwa msimamizi, kwa kamati, kwa kurugenzi ya masomo ya uzamili, kwa mtahini, na kwa mwanafunzi mwenyewe pia, asihurumiwe. Wawahoji waliohitimu na walioacha. Wawahoji ninyi, kwa ridhaa na kwa usiri. Matokeo yabandikwe pale panapobandikwa ratiba. Huenda wakagundua kwamba nimewaonea, na kwamba mafundo yako kwa watahini wa nje au kwenye mfumo wa malipo. Hilo nalo litakuwa limejulikana.

Baada ya hapo wekeni siku. Kwenye ukuta wa halmashauri yetu, kama ilivyo katika ofisi nyingi za serikali, kuna Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaoorodhesha huduma na muda wake. Haufuatwi kila siku, na wenye vikundi wanaofuatilia mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri wanaweza kuwasimulia. Lakini mwananchi akiunyooshea kidole, ofisa hubadili sauti. Mwanafunzi wa uzamili hana cha kunyooshea kidole. Idara iandike kwamba sura hurudi ndani ya siku fulani, mtakazozipanga wenyewe kwa kujua mzigo wenu. Iandike nani husoma msimamizi akisafiri, na siku zikipita mwanafunzi aende kwa nani bila kuitwa mkorofi.

Mtakapofika kwenye mahojiano, mnaweza kuanza nami. Barua pepe nilizotuma na nilizojibiwa ninazo zote, pamoja na tarehe zake. Napatikana jioni baada ya saa za kazi, na fomu ya ridhaa najua kuijaza.

Mwanafunzi wenu wa zamani,
Ofisa Maendeleo ya Jamii